Tukikubali tiba shufaa, tumemkatia mama tamaa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Same. Mama yetu ana miaka 61. Mwaka jana aligundulika na saratani ya mlango wa kizazi, akamaliza mionzi Dar es Salaam na akarudi akiwa na nafuu. Sasa maumivu ya kiuno na mguu wa kushoto yamerudi, na damu na majimaji yenye harufu yameanza tena. Vipimo vinaonyesha ugonjwa umefika kwenye mapafu. Daktari ametuambia hakuna tena tiba ya kuuondoa, akatuandikia rufaa kwenda kitengo cha tiba shufaa na kutuambia ataanzishiwa morfini ya maji. Kaka yangu mkubwa anasema huko ni kupelekwa kufa. Anataka tuuze kiwanja tumpeleke India. Jirani anasema aliyeanza morfini hamalizi wiki. Mama mwenyewe hatujamwambia kitu. Mimi ndiye ninayelala naye. Je, tukikubali tutakuwa tumemwacha mama afe? Na faida yake ni nini hasa?

JIBU: Marahaba, dada, na poleni sana hapo nyumbani.

Nikujibu kwanza, halafu nieleze. Kumkubalia mama tiba shufaa, yaani matunzo ya kutuliza maumivu na dalili nyingine za ugonjwa usiopona, si kumwacha afe. Saratani imo mwilini mwake, mkiitumia ile rufaa au mkiichana. Kilichobaki mikononi mwenu ni namna atakavyoishi muda alio nao: alie usiku kucha kwa kiuno au alale, ajifungie chumbani kwa kuona haya ya harufu au akae sebuleni na wajukuu wake. Hayo ndiyo tunayoyatibu sisi, na tunayatibu kwa dawa, kwa vipimo na kwa ratiba, kama daktari mwingine yeyote.

Kaka yako ana uchungu, na mtu mwenye uchungu hutafuta jambo kubwa la kufanya. Msimkemee. Ila kabla kiwanja hakijauzwa, mwende pamoja kwa daktari aliyemtibu mama, mumuulize hivi: hiyo tiba ya India ikifanikiwa kabisa, itampa mama nini? Mama ameshapigwa mionzi kamili ya nyonga. Sehemu iliyokwisha kupokea kiwango hicho kwa kawaida haipigwi tena kiwango kilekile, kwa kuwa utumbo na kibofu vitaungua. Ugonjwa ukiwa umeshafika mapafuni, upasuaji hauumalizi. Zinabaki dawa za kemo, ambazo kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza uvimbe kwa miezi kadhaa lakini haziponyi saratani ya namna hii iliyorudi na kusambaa. Dawa hizo zinatolewa hata katika hospitali ya KCMC hapo Moshi. Kama daktari anaona mama ana nguvu za kuzibeba, anaweza kuzipata huku akiendelea na tiba shufaa. Moja haifungi mlango wa nyingine. Hata mionzi inaweza kurudiwa mara moja au mara chache kwa dozi ndogo, kukausha damu au kutuliza maumivu ya mfupa, pale daktari wa mionzi anapoona sehemu husika inaruhusu.

Mimi nimeona familia zikiuza shamba na ng'ombe, mgonjwa akafia ugenini akiwa na mtoto mmoja pembeni yake, wengine wakimwona kwenye simu. Watu wazuri kabisa, waliompenda mzazi wao. Ndiyo maana nasema muulize kwanza, na muulize wote mkiwa pamoja, ili jibu lisije likaletwa nyumbani na mtu mmoja akaonekana ndiye aliyekata tamaa.

Sasa morfini, ile dawa kali ya maumivu, maana hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Jirani yako anasema alichokiona. Ameona mgonjwa akianza morfini, na baada ya siku nne ukapigwa msiba. Asichokiona ni kwamba mgonjwa yule aliteseka miezi mitatu kwa panadoli na diklofenaki kwa kuwa ndugu walikuwa wanaiogopa morfini, akaanzishiwa akiwa tayari katika siku zake za mwisho. Dawa ikabebeshwa lawama ya ugonjwa. Wapo wagonjwa wanaoitumia miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, wakienda sokoni na kanisani.

Inafanyika hivi. Chupa ina maji yaliyochanganywa na unga wa morfini. Hapa nchini kazi hiyo Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam imeifanya kwa miaka mingi. Mama hapigwi sindano, anakunywa. Kwa mtu mzima aliyedhoofu mara nyingi tunaanza na miligramu 2.5 au 5, ambazo kwa sirinji ni mililita chache tu. Atakunywa saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Ile ya saa 4 usiku mara nyingi tunaizidisha maradufu ili ya saa 8 usiku isihitajike na ninyi nyote mlale. Siri ni kutosubiri maumivu. Dawa inakaa mwilini kama saa nne. Ukingoja mpaka alie, unaanza upya kila mara, na itakubidi utoe nyingi zaidi. Nunua daftari la shule, andika saa, kipimo, na amesema maumivu ni kiasi gani. Wagonjwa wetu wengi hawapendi kutaja namba, basi waonyeshe kwa vidole vya mkono mmoja: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Akipata maumivu kati ya dozi moja na nyingine, kuna dozi ya ziada mtakayoelekezwa, nayo mwiandike. Daftari hilo ndilo tutakalolitumia kupandisha au kushusha kipimo.

Siku mbili tatu za kwanza atalala sana. Sehemu ni dawa, na sehemu ni usingizi aliokuwa anaudai mwili wake wiki nzima. Kichefuchefu kinaweza kumsumbua mwanzoni, kina dawa yake na huisha. Kitu kisichoisha ni kufunga choo, na hicho msikisubiri kabisa: dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile morfini inapoanza. Muuguzi akisahau kuwapa, mdai. Pale zinapokosekana, wauguzi wengi wa huku wanazijua mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Mtu asiyepata choo siku sita atawaambia hataki tena morfini, na mtadhani dawa imemshinda, kumbe ni tumbo.

Hatakuwa teja. Mtu anayetumia morfini kwa maumivu ya saratani, kwa kipimo na kwa saa, hakimbilii chupa kutafuta kulewa. Anataka mguu uache kuwaka. Na ikitolewa kwa utaratibu huo, kipimo kikipanda kidogokidogo, haifupishi maisha. Ifungieni tu kabatini mbali na watoto, isiachwe juani, na ikibaki irudisheni hospitali.

Huo mguu wa kushoto unaouelezea, kama anasema unachoma kama moto au unapigwa shoti ya umeme, mwambie daktari hivyohivyo. Hayo ni maumivu ya neva iliyobanwa, na morfini peke yake mara nyingi haiyamalizi. Tunaongeza kidonge kidogo cha amitriptilini usiku. Watu husoma kwenye karatasi kwamba ni dawa ya sonona wakaiacha. Kwa kiwango kidogo tunaitumia kwa neva.

Dada, kuhusu harufu nitasema wazi, kwa kuwa najua hata wewe umeliandika kwa neno moja tu. Kwa wanawake wengi wenye ugonjwa huu, harufu huwaumiza kuliko maumivu. Mama anaacha kupokea wageni, anasema amechoka. Mume anahamia chumba kingine. Wajukuu wanaambiwa wasiingie. Na dawa yake ni miongoni mwa za bei nafuu dukani: metronidazo, ileile mnayoiita flajili. Inaweza kumezwa, au kuwekwa ukeni kama muuguzi atakavyoelekeza, na kidonda cha nje kinanyunyiziwa vidonge vilivyosagwa unga. Mara nyingi siku chache zinatosha kuonyesha tofauti. Ongezeni kumsafisha kwa maji yenye chumvi kidogo, kubadilisha vitambaa mara kwa mara, kufungua madirisha, na sahani ya mkaa mkavu chini ya kitanda unaofyonza harufu. Kama mkojo unavuja, ngozi ya mapajani ipakwe mafuta mazito ya mgando kabla haijachubuka.

Damu nayo ina vidonge vya kuipunguza. Lakini wekeni karibu na kitanda taulo au kanga za rangi iliyokolea, nyekundu ya damu ya mzee au nyeusi. Ikitokea damu nyingi kwa ghafla, kitambaa cheupe humtisha yeye na kuwatisha ninyi. Mlaze ubavu, mfunike kwa kitambaa hicho, mmoja amshike mkono na kuzungumza naye, mwingine apige simu.

Kuna jambo moja la kitaalamu ambalo natamani kila familia yenye mgonjwa wa saratani hii ilijue. Uvimbe huu hupenda kubana mirija inayotoa mkojo kwenye figo. Figo zikilemewa, morfini inajikusanya mwilini. Mkiona mkojo umepungua sana, kwikwi zisizoisha, anasinzia kupita kawaida, mikono au miguu inashtukashtuka, msimwache tu na msikatishe dawa kwa woga: pigeni simu siku hiyohiyo, kipimo kipunguzwe au saa zitanuliwe. Na kama kuna mitishamba anayokunywa, tuambieni. Sitamgombeza mtu. Baadhi yake huumiza figo hizohizo, na sisi tunapanga dawa gizani tukifichwa.

Chakula kitawagombanisha, hilo jiandaeni. Atafika mahali atakula vijiko viwili vya uji asukume bakuli. Mwili wenye saratani kubwa hauwezi tena kutumia chakula kama zamani, hivyo kumlazimisha kunamletea kutapika na kulia. Mpe anachotamani, kidogo, saa anayotaka. Kama ni chai ya rangi na kipande cha muhogo, iwe hivyo. Mama mtu hafi kwa sababu binti yake alishindwa kumlisha. Siku za mwisho kabisa, mgonjwa asiyekunywa maji hasikii kiu kama tunavyodhani. Kinachomsumbua ni mdomo kukauka, na huo unaulowesha kwa kitambaa safi kila mara.

Mmeniambia mama hajaambiwa. Nafahamu kwetu taarifa nzito hupita kwa mjomba au kwa mtoto mkubwa kwanza, na siuvunji utaratibu huo. Ila mwanamke wa miaka 61 aliyekaa wodini Ocean Road wiki kadhaa amewaona waliorudi na wasiorudi. Uwezekano mkubwa ni kwamba anajua, na anawaficheni ninyi msiumie. Wakati mwingine nyumba nzima inafichana habari ambayo kila mmoja anayo. Msianze kwa kumtamkia ugonjwa umefika wapi. Mtu anayemwamini akae naye, amuulize: "Mama, hali yako wewe mwenyewe unaionaje?" Halafu anyamaze. Akisema "mimi naona narudi nyuma," amefungua mlango. Muulize angependa kujua zaidi, au angependa nani asikie kwa niaba yake. Akisema "Mungu ataniponya," semeni amina, na msimbishie. Kesho yake anaweza kuuliza mwenyewe.

Naling'ang'ania hili kwa kuwa kuna mambo ambayo mama peke yake anayajua. Anataka kuzikwa wapi. Kiwanja ni cha nani, na hati iko wapi. Kuna mtu anamdai, au kuna dada yake ambaye hawajasemeshana miaka mingi angetaka aitwe? Anataka mchungaji au shehe aje kumwombea, mara ngapi? Nimewahi kuona maumivu yaliyokataa kushuka kwa kipimo chochote, yakashuka jioni ambayo mtoto aliyekosana na mgonjwa alifika kutoka safari. Maumivu ya mtu anayekaribia kufa yanakaa mwilini, moyoni, katika imani na katika mambo ya nyumbani, yote kwa pamoja; timu yetu huwa na muuguzi, daktari, ofisa ustawi wa jamii na kiongozi wa dini kwa sababu hiyo.

Kaka akitaka ushahidi kwamba hapa si mahali pa kupelekwa kufa, mwambie habari ya Boston. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Hospitali Kuu ya Massachusetts juu ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu walipata matibabu ya kawaida ya saratani. Nusu nyingine walipata matibabu hayohayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Kundi la pili walikuwa na hali bora, wenye sonona walikuwa wachache, na waliishi muda mrefu zaidi: wastani wa kati, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, ulikuwa miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Ilikuwa saratani nyingine, katika nchi yenye vifaa vingi, kwa hiyo siwaahidi mama miezi. Nachosema ni kwamba waliotulizwa mapema hawakufa mapema.

Na si jambo geni la kujaribiwa kwa mama yenu. Cicely Saunders, daktari aliyekuwa muuguzi kabla, alifungua hospisi, yaani nyumba ya kutunza wagonjwa wasiopona, ya St Christopher's jijini London mwaka 1967 na akawafundisha madaktari kutoa morfini kwa saa badala ya kungoja kilio. Harare ilipata hospisi yake mwaka 1979, Nairobi mwaka 1990. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, akisisitiza morfini ya maji ya bei nafuu ambayo mgonjwa anainywa kwake, na mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliosomea tiba hii kuiandika wenyewe, kwa sababu vijijini daktari hayupo. Kwetu, Hospitali ya Selian ya KKKT, Arusha, ni kati ya zilizoanza mapema kuwafuata wagonjwa majumbani, na huduma hiyo ikaenea kwenye hospitali nyingine za kanisa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu wapatao milioni 56.8 wanaohitaji tiba shufaa kila mwaka duniani, wanaoipata ni asilimia 14 tu. Mama ameandikiwa rufaa. Wengi hawaandikiwi.

Mtalala wapi naye? Si lazima awe wodini. Kwa sehemu kubwa ya mikoa yetu huduma hii inatolewa nyumbani, hospitali ikiwa ni pa kukimbilia pale jambo linapokuwa kubwa. Wahudumu watawafundisha kumgeuza kila saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, kumwogesha kitandani, kumkalisha kwa mito akibanwa pumzi. Mapafu yakianza kumsumbua, dirisha wazi, kumpepea usoni na morfini hiyohiyo kwa kipimo kidogo humpunguzia ile hofu ya kukosa hewa.

Wewe unayelala naye, nina ombi kwako. Usiwe peke yako. Mlinzi mmoja wa mgonjwa akiugua, wagonjwa wanakuwa wawili. Pangeni zamu za usiku kwa majina, na kaka mwenye uchungu apewe usiku wake. Akimpa mama dawa ya saa 4 usiku kwa mkono wake na kumgeuza saa 8 usiku, atajua zaidi kuliko nitakavyomweleza mimi. Mwenye kuishi mbali alipie sabuni, nepi za wakubwa na nauli za hospitali. Kama kuna mtoto wa shule aliyebakizwa nyumbani kumwangalia bibi, arudi shule.

Msisubiri mwezi ujao ili kwanza mwone hali itaendaje. Maumivu yaliyokaa muda mrefu ni magumu zaidi kuyashusha, na mazungumzo ya hati na mazishi hayawezekani na mtu asiyelala. Nendeni wiki hii na rufaa, kadi ya kliniki, ripoti za vipimo na dawa zote anazotumia, hata zile za kiasili, mkiwa na daftari lenye siku mbili tatu za kwanza mlizoandika wenyewe. Kaka awepo. Kabla hamjaondoka, hakikisheni mmeandikiwa namba ya simu ya kupiga usiku, na mmeonyeshwa kwa macho yenu jinsi ya kuvuta kipimo kwenye sirinji. Kisha kila mmoja wenu, kaka akiwemo, avute mbele ya muuguzi mpaka apatie.